Fundi Pindo na Nusu ya Kidonge

Cherahani zilikuwa mbili, zimetazamana kama watu waliokaa mezani, na kati yake palikuwa na nafasi ya kupitisha kitambaa tu. Ya upande wa mlango ilikuwa ya Fundi Pindo, ambaye aliketi akiupa mlango mgongo. Ya upande wa ukuta ilikuwa ya mkewe. Tangu mkewe azikwe, cherahani hiyo ilikuwa imefunikwa shuka la maua lililopigwa pasi.

Jina la Pindo alipewa na mtaa. Suruali ikishapita mikononi mwake, pindo lake lilikaa sawa mpaka kitambaa chenyewe kizeeke. Mkewe naye mtaa ulimwita Mama Vifungo, kwa sababu kazi ya matundu na vifungo ilikuwa yake, na kwa sababu hakuweza kukutana na mtu aliyeachia kifungo akampita hivihivi. Angemsimamisha palepale barabarani. "Hebu njoo hapa wewe. Unatembea kifua wazi kama mlango wa soko?" Sindano ilikuwa daima kwenye kola ya gauni lake, imeshavishwa uzi.

Kitu kimoja hakukiweza kabisa: nguo ya kubana. Mteja akisema abanwe hapa na hapa, Mama Vifungo aliitikia vizuri tu, akapima, akaandika, kisha akashona na kuacha nafasi ya kidole zaidi. "Nguo lazima ipumue," alisema. "Mtu akishiba aende wapi?" Wateja walinung'unika siku ya kuchukua, wakarudi baadaye wakiwa wamenenepa, kushukuru.

Miaka yote ya ndoa yao waliamka pamoja kabla ya kupambazuka. Saa hiyo mtaa umetulia na hakuna mteja wa kukukatiza. Waliwasha taa iliyoning'inia katikati, kila mmoja akaketi kwake, makanyagio yakaanza. Kanyagio la mkewe lilikuwa na kigugumizi: kila lilipozunguka lilikwama kidogo, halafu likaachia. Fundi alitaka kulitengeneza tangu zamani, mkewe akakataa, akasema ndivyo alivyolizoea. Cherahani zilianza kila moja na mwendo wake, kisha bila mtu kukusudia zikaingia mwendo mmoja, kigugumizi na vyote.

"Fundi wangu," mkewe alipenda kusema, "njoo siku moja ukae huku kwangu, uone mwanga unavyoingia."

"Nitakuja. Ngoja nimalize hili pindo."

Mapindo hayakuisha, na hakuwahi kwenda.

*

Maumivu yalianza miezi michache baada ya msiba. Fundi aliamka saa ileile ya siku zote, akaketi kwenye kiti chake kuikabili cherahani iliyofunikwa, na kabla ya mwanga kutokea kifua kikakamatwa. Hakikuchomwa, kilikusanywa, kama vile kuna mkono ndani unaovuta uzi. Kubanwa kule kulipanda mpaka tayani, kukashuka mkono wa kushoto, jasho likamtoka. Kulikaa kwa muda kama wa kushona mkono mmoja wa shati, kisha kukaachia na kwenda zake.

Mchana alikuwa mzima kabisa. Alipandisha majora ya vitambaa mpaka rafu ya juu, akakanyaga cherahani hadi jioni, na kifua hakikumwambia lolote. Kesho yake alfajiri, yaleyale tena.

Ugonjwa gani unachagua saa? Na katika saa zote za siku, uchague ile ya kwao wawili? Fundi alikuwa mtu wa kuamini vitu vinavyoshikika, kama futi ya kupimia na chaki. Lakini alikuwa pia mtu aliyelala peke yake kwenye kitanda cha watu wawili. Polepole, bila kujiambia waziwazi, akakubali kwamba mkewe ndiye anayekuja. Akaanza kunawa uso kabla hajaketi. Akaanza kukunja kona ya lile shuka la maua, ili kanyagio lionekane. Maumivu yalipomkamata alifumba macho, akauma meno, akahesabu kuwa ametembelewa. Yalipoondoka, kilichobaki kilikuwa kizito kuliko maumivu yenyewe.

Hakumwambia mtu. Ilikuwa aibu kulisema.

Aliyegundua ni kinyozi. Chumba chake cha kunyolea kilipakana na chumba cha mbele alimoshonea Fundi, kwa ukuta wa mbao tu, na walikuwa wametaniana kwa miaka mingi kiasi kwamba siku isiyo na utani kila mmoja alidhani mwenzake anaumwa. Asubuhi moja ya baridi kinyozi alikuja mapema kuazima ufagio, akamkuta Fundi amelaza paji la uso juu ya cherahani, rangi imemtoka.

"Mzee Pindo! We mzee! Usinifanyie hivyo bwana, nimekuja kuchukua ufagio tu!"

Akambeba nusu mgongoni nusu chini mpaka kwenye gari la jirani, na njia nzima aliongea, kwa sababu alikuwa na hofu.

*

Hospitalini walimwahi. Daktari, mwanamke kijana mwenye koti jeupe lililomzidi, alimfunga nyaya kifuani wakati maumivu yangalipo. Mashine ikatema ukanda wa karatasi, na mstari uliokuwa juu yake ulikuwa umeinua mgongo. Akampa kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Baada ya muda mfupi mstari ukalala. Siku iliyofuata wakampitishia mrija mwembamba kwenye kifundo cha mkono mpaka kwenye mishipa ya moyo, wakaikuta safi.

"Baba, haya maumivu yanakuja ukifanya kazi?"

"Hapana. Nikiwa nimetulia. Alfajiri."

"Ukipanda ngazi?"

"Napanda na jora begani. Sisikii kitu."

"Unavuta sigara?"

"Ya kinyozi. Moja moja, ya kuomba."

"Ya kuomba nayo ni sigara. Hiyo iishe leo." Daktari akaketi ukingoni mwa kitanda. "Mishipa yako haijaziba. Inajikaza. Misuli iliyo kwenye ukuta wa mshipa inajikunja yenyewe, damu inakosa njia, kisha inaachia. Kwa watu wengi hutokea hivyohivyo, usiku kuelekea alfajiri, mtu akiwa amepumzika. Ndiyo maana mchana uko sawa."

Fundi alielewa upesi kuliko alivyotaka. Ni uzi wa marinda. Unapitisha mshono mlegevu, unashika ncha ya uzi, unavuta, kitambaa kizima kinajikusanya. Kilichomuuma si hicho. Kilichomuuma ni yale maneno, kwa watu wengi. Kumbe na wengine. Kumbe saa ile haikuwa yao wawili peke yao.

"Dawa tunazotumia zinazuia kalsiamu isiingie kwa wingi kwenye hiyo misuli," daktari aliendelea. "Bila kalsiamu, misuli haina nguvu ya kujikaza. Nitakuanzishia amlodipine, kidonge kimoja kila usiku."

"Nikimeza, yataacha kuja?"

"Hilo ndilo tunalotaka."

Fundi akanyamaza. Daktari alidhani ni furaha. Yeye macho yake yalikuwa kwenye koti la daktari. Kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja.

*

Amlodipine ilifanya kazi yake. Kwanza maumivu yalikuja kwa kudokoa, kisha yakaacha. Fundi aliketi alfajiri, amenawa uso, kona ya shuka imekunjwa, akasubiri. Taa ikavuma. Jogoo wa mtu akawika kule mbali. Kifua kilikuwa kimya kama chumba ambacho samani zimehamishwa. Alikuwa kama mtu aliyeandaa chai ya watu wawili, na mgeni asitokee, na chai ikapoa.

Halafu miguu ikaanza kuvimba. Kufikia mchana viatu vilikuwa havimwingii. Alikanyaga kwa kandambili, na mguu mzito haukujua tena kanyagio liko wapi. Mshono ukaenda mrama. Yeye Fundi Pindo, akafumua pindo na kulirudia.

Kinyozi alisimama mlangoni, taulo begani.

"Mzee, hiyo ni miguu au ni mito ya kochi?"

"Cheka tu. Na hicho kichwa chako chenye ngazi, nani kakunyoa?"

"Nimejinyoa mwenyewe."

"Inaonekana."

"Nenda kwa yule binti daktari. Mwambie umekwenda kutibiwa moyo, umerudishiwa miguu ya mtu mwingine."

Akaenda. Daktari akabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, shimo likabaki.

"Hii ndiyo tabia yake kwa baadhi ya watu," alisema. "Moyo unaendeleaje?"

"Umenyamaza."

"Vizuri."

Fundi akaitazama miguu yake. "Mimi kazi yangu iko miguuni," alisema. "Nipe basi ile iliyo bora kuliko zote."

Daktari akatabasamu, akavuta droo, akapanga maboksi matatu mezani kama mtu anayeonyesha sampuli za vitambaa.

"Hii unayotumia, amlodipine, inakaa mwilini siku nzima. Ukichelewa kidogo kumeza haikuadhibu. Lakini inapanua mishipa midogo ya miguuni, maji yanatuama. Hii nyingine ni nifedipine, ndugu yake wa damu. Inafungua mishipa kwa nguvu, ila nayo huvimbisha miguu, na wengine uso huwaka na kichwa kugonga. Sasa hii ya tatu, diltiazem, ni ya ukoo mwingine. Inalegeza mishipa ya moyo na papo hapo inapunguza mwendo wa moyo wenyewe. Miguu haivimbishi sana. Lakini mtu ambaye mapigo yake tayari ni ya polepole hatumpi, na wengine wanakosa choo."

"Na kwa maumivu, ipi inashinda?"

"Kwa wagonjwa wengi zote zinayazuia. Watu wamezilinganisha, na hakuna aliyenionyesha kwamba moja inamfaa kila mtu. Kwa hiyo tunamwangalia mtu mwenyewe. Mapigo yako yako vizuri, miguu ndiyo riziki yako. Wewe tukujaribu na hii."

"Kama kumpima mtu shati."

"Ehe. Isipokuwa shati usipolipenda unalivua. Hii usiiache ghafla, mishipa inaweza kujikaza vibaya kuliko mwanzo. Na hiki ni kidonge cha kuachia dawa polepole. Meza kizima, usiku, kabla ya kulala. Kizima, baba."

"Ndiyo, daktari."

Kifungo kilikuwa bado kinaning'inia, sasa kimeshuka zaidi. Fundi alikuwa anafikiri kwamba Mama Vifungo asingeruhusu mazungumzo haya yafike hata katikati. Angeshamwinukia binti wa watu, akamshika koti, akamwambia tulia usije ukachomwa. Neno la kidonge kizima lilimpita sikioni kama linavyopita neno la mteja mtu akiwa anavisha uzi kwenye sindano.

*

Miguu ikapungua. Viatu vikamwingia. Kanyagio likamtii, mapindo yakanyooka, wateja wakaacha kukunja nyuso. Binti yake, mwalimu wa shule katika mji mwingine, alipiga simu kila jioni kuuliza hali, na kila jioni alijibiwa kwamba hali ni nzuri. Ilikuwa kweli. Kwa mtu wa nje, Fundi Pindo alikuwa amepona.

Lakini alfajiri haikuwa na mtu.

Kilichomtisha kikaja asubuhi moja alipojaribu kukumbuka sauti ya kanyagio la mkewe. Alijua lilikuwa na kigugumizi. Alijua hilo kama unavyojua jambo uliloambiwa. Ila kusikia, hakusikia. Je, lilikwama mwanzo wa mzunguko au mwisho? Alifumba macho, akagonga meza kwa kidole, huku, hapana, huku, hapana. Miaka yote ile ya kukaa mbele yake, na sasa hata kelele yake imepotea. Wakati wa maumivu alikuwa na uhakika angalau wa kitu kimoja, kwamba kuna anayekuja. Sasa dawa imefunga mlango, na yeye ndiye anayeufunga kila usiku kwa mkono wake, na glasi ya maji.

Hakutaka kufa. Mtu asije akamfikiria hivyo. Alitaka alfajiri moja moja, ya kutosha.

Na hapo akafikiri kama fundi. Nguo ikikuzidi huitupi, unaipunguza. Daktari ameonya dawa isiachwe, naye hataiacha. Ataipunguza tu, upande mmoja, pabaki upenyo.

Usiku huo akaweka kidonge juu ya ubao wa kukatia, akachukua wembe wa kufumulia mishono, akakipasua katikati. Hakuna hata chembe iliyomwagika. Alikitazama kwa kuridhika, kazi safi, kisha akameza nusu na nusu ya pili akaitia kwenye kikopo cha chaki.

Kabla hajalala kichwa kilikuwa chepesi na sakafu ilionekana iko mbali kidogo. Hakujali. Alfajiri, akiwa ameketi, uzi ukavutwa. Kidogo tu, kama mtu anayekugusa bega kwa nyuma.

"Umekuja," Fundi alisema, na machozi yakamtoka.

Ikawa hivyo asubuhi kadhaa. Kinyozi akaona mabadiliko.

"Mzee, una mchumba?"

"Nyamaza wewe."

"Unaye. Mtu hapaki mafuta asubuhi asubuhi hivi kwa ajili ya suruali za watu. Nani huyo? Yule wa duka la sabuni?"

"Nenda ukanyoe."

"Atakuvunja moyo, nakwambia. Na moyo wenyewe huo wa kuazima."

Fundi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka hivyo tangu awe mjane.

*

Halafu ikaja ile asubuhi ya mvua. Baridi ilikuwa imeingia mpaka kwenye chuma cha cherahani. Fundi aliketi, akakunja kona ya shuka, na kabla hajatulia kifua kikakusanywa chote kwa mkupuo mmoja.

Alingoja kulegezwa, hakulegezwa. Kubanwa kukazidi, kukafika mgongoni. Moyo ulidunda, ukaruka, ukasahau, ukadunda. Vidonge vya chini ya ulimi alivyopewa hospitalini vilikuwa kwenye rafu karibu na mlango, na mlango ulikuwa nyuma yake, na nyuma yake palikuwa mbali kama mji mwingine. Alijaribu kuita uso wa mkewe. Haukuja. Hapakuwa na nafasi ya uso wowote. Alitazama mbele, akaona shuka la maua, maua yasiyo na mtu nyuma yake, na akasikia sauti yake mwenyewe ikisema kwa ukali ambao hajawahi kumtolea mkewe hata siku moja:

"Niachie! Niachie basi!"

Akaanguka pamoja na kiti. Kinyozi, aliyesikia kishindo, hakwenda kuzunguka hadi mlangoni. Alipiga teke ubao wa ukuta mpaka ukang'oka, akaingilia hapo.

Safari hii kinyozi hakuongea hata neno mpaka walipofika hospitalini.

*

Fundi alipofungua macho, binti yake alikuwa kwenye kiti pembeni ya kitanda, mkoba wa shule miguuni. Mkononi alikuwa na kikopo cha chaki.

"Nimepita nyumbani kukuchukulia nguo," alisema. "Baba, hizi nusu ni za nini?"

"Nilikuwa napunguza."

"Unapunguza dawa kama suruali?"

Fundi akageuzia uso dirishani. Binti alikuwa na ulimi wa mama yake, ila alikuwa pia na subira ya mwalimu. Alingoja. Muuguzi alipita na kitoroli, akapotea, na bado alingoja.

"Yale maumivu," Fundi alisema hatimaye, "ndiyo saa tuliyokuwa tunaamka. Yakija, naona anakuja mama yako. Yasipokuja, sina mtu."

Alitegemea acheke, au aseme Baba, Baba, kwa sauti ile ya kumsemesha mtoto. Binti hakufanya hivyo. Alifunika kikopo, akakiweka chini polepole.

"Baba, mama aliwahi kumshonea nani nguo ya kubana?"

Fundi akamgeukia.

"Hata sare yangu ya shule. Wenzangu walivaa za kuwakaa, mimi nilivaa hema. Nikilia, ananiambia nguo lazima ipumue. Nguo yangu ya harusi je? Nilitembea nimeishikilia isidondoke." Sauti ikaanza kumkatika. "Mtu yule, Baba. Yule ndiye atoke huko aliko, aje akubane wewe kifua? Wewe?"

Fundi alianza kucheka, na nyuma ya kicheko kikatoka kilio ambacho hakikutoka siku ya mazishi. Binti akamshika mkono mpaka kikaisha.

"Sasa yuko wapi?" Fundi aliuliza.

"Sijui. Na mimi namtafuta."

Daktari alipoingia aliwakuta wameshikana mikono. Alitazama kikopo, akaelewa.

"Baba, kile kidonge kimetengenezwa kiachie dawa kidogo kidogo mpaka asubuhi. Ukikikata, dawa inamwagika yote mapema. Kichwa kinakuwa chepesi usiku, na alfajiri, saa ile ya hatari, umebaki mtupu."

"Sweta," Fundi alisema.

"Nini?"

"Sweta halikatwi kama kitambaa. Ukitia mkasi linafumuka lote. Nimewagombeza wanafunzi niliowahi kuwafundisha ufundi kwa kosa hilo, halafu nimekaa nikalifanya mwenyewe."

"Basi ni hivyohivyo." Daktari akavuta kiti. "Mapigo yako yamerudi sawa. Tutaendelea na diltiazem, kizima. Isipotosha nitaongeza nyingine. Lakini hakuna dawa ninayoweza kukupa wewe ukiwa unaifungulia mlango wa nyuma. Unataka yaishe, baba?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Fundi alitazama mikono yake, kisha mikono ya binti yake, yenye vidole vifupi vya Mama Vifungo. Alikumbuka alivyosema niachie. Alikuwa amemwambia nani?

"Nataka," alisema. Ilitoka kidogo sana, kwa hiyo akairudia. "Nataka yaishe."

Daktari akaitikia kwa kichwa, akainuka. Kile kifungo kikacheza.

"Daktari. Niachie hilo koti."

"Koti?"

"Hicho kifungo kitakuja kudondokea ndani ya mgonjwa."

Binti wa Fundi alicheka kwanza. Daktari alijitazama kifuani kama anayekiona kwa mara ya kwanza, akacheka naye, akavua. Alikuwa na jingine kabatini.

*

Siku aliyorudi nyumbani alimeza kidonge kizima, binti yake amesimama mbele yake, kisha akalala. Aliamka saa ileile. Binti alikuwa bado usingizini chumba cha ndani, na kwa kinyozi, nyuma ya ubao uliopigiliwa misumari upya, kulikuwa kimya. Fundi akawasha taa, akaketi kwake. Aliweka mkono kifuani. Hakuna kitu. Moyo ulikuwa unatembea tu, polepole, kama mtu asiye na haraka ya kwenda kokote.

Koti la daktari lilikuwa mapajani. Alikikata kile kifungo, akakuta kimepasuka ukingoni. Kilihitaji kingine, na vifungo vilikuwa kwenye droo ya cherahani ya pili.

Alikaa kidogo na wazo hilo. Kisha akazunguka, akaliondoa shuka la maua lote, akalikunja, na kwa kuwa droo ile haifunguki vizuri ukiwa umesimama, akaketi kwenye kiti cha mkewe.

Kiti kilikuwa kifupi kuliko alivyodhani. Ndani ya droo vifungo vilikuwa vimepangwa kwa utaratibu ambao hakuujua, si kwa rangi wala kwa ukubwa. Alivichambua mpaka akapata cheupe kinacholingana. Sindano ilikuwa imechomekwa kwenye kipande cha sponji, imeshavishwa uzi. Uzi mweupe. Alikitazama kile kijiuzi kwa muda mrefu, kisha akaanza kukitumia, kwa uangalifu, asikimalize.

Miguu ilitafuta pa kukaa, ikapata kanyagio. Hakukusudia. Ilikanyaga tu, kama miguu yake ilivyozoea kufanya mikono ikiwa na kazi. Gurudumu likazunguka, likakwama kidogo mwishoni mwa mzunguko, likaachia. Likazunguka. Likakwama. Likaachia.

Mwishoni. Lilikuwa linakwama mwishoni.

Fundi akaendelea kukanyaga, polepole, sindano ikiingia na kutoka, macho yakiona ukungu. Hakuna aliyekuja. Kiti kilikuwa na yeye tu ndani yake, na hamu ilikuwa palepale ilipokuwa, na haikumbana kifua. Ilikaa tu.

Alipoinua kichwa kung'ata uzi, mwanga ulikuwa unaingia kwa kidirisha kilicho juu ya mlango, kile ambacho miaka yote kilikuwa nyuma ya kisogo chake. Uliingia kwa mshazari, mwembamba, wa rangi ya chai nyepesi. Haukugusa ukuta wala meza. Ulishuka moja kwa moja ng'ambo ya pili, juu ya kiti chake mwenyewe, kitupu sasa, ukajaa pale, mahali pa mabega, mahali pa kichwa kilichoinamia pindo.

Akakitazama kiti hicho kutoka pale alipokuwa akiketi mkewe, uzi bado mdomoni.